Hofu, Adrenalini na Asidi ya Tumbo

Mgonjwa wa vidonda vya tumbo anapolalamika, ushauri wa kwanza anaopewa na jirani ni ule ule, awe Mombasa au Bukavu: apunguze mawazo. Ndani ya ushauri huo mna imani ya zamani kwamba hofu, hasira na wasiwasi hulifanya tumbo limwage asidi. Na kwa kuwa hofu na hasira ndizo zinazoiachia adrenalini iingie katika damu, mtu angetarajia kwamba adrenalini, pamoja na dawa zote zilizoundwa kwa mfano wake, ingeongeza asidi hiyo. Kilichogunduliwa kwa binadamu ni karibu kinyume chake, na kukifikia kulichukua takriban karne mbili. Katika safari hiyo dawa za jamii ya adrenalini zilifanya kazi kubwa ambayo hakuna aliyeitazamia: zilitibu tumbo kwa njia ya fikra, wakati zenyewe, zikiingizwa mwilini, zilikuwa na athari ndogo tu kwa asidi.

Hadi katikati ya karne ya 18 wataalamu wa Ulaya walikuwa bado wakibishana kama chakula husagwa tumboni kwa nguvu za misuli au huoza na kuchacha humo. Mwaka 1752 Mfaransa René-Antoine de Réaumur alimmezesha mwewe vijibomba vya chuma vyenye nyama ndani. Mwewe hutapika asichoweza kumeng'enya, hivyo vijibomba vilirudi, na nyama iliyokuwa imekingwa isisagwe ikaonekana imelika. Mwitalia Lazzaro Spallanzani aliendeleza kazi hiyo, akathubutu hata kumeza mwenyewe vifuko vya kitani vilivyotiwa chakula. Ikajulikana kwamba tumbo lina maji yake yanayoyeyusha. Maji hayo ni ya aina gani, ndilo swali alilolijibu William Prout mbele ya Royal Society jijini London mwezi Desemba 1823: ni asidi ya haidrokloriki. Wengi walisita kumkubali, kwani ilikuwa vigumu kuamini kwamba nyama hai inaweza kutengeneza asidi kali ya maabara na yenyewe isiungue.

Wakati Prout akiandika, tayari kulikuwa na kijana mmoja katika kisiwa cha Mackinac, kaskazini mwa Marekani, ambaye tumbo lake lilikuwa wazi kwa macho ya watu. Tarehe 6 Juni 1822, katika duka la wafanyabiashara wa ngozi, bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya ikampiga Alexis St. Martin, mchukuzi Mkanada mwenye asili ya Kifaransa, umbali usiofika mita moja. William Beaumont, daktari wa jeshi, alimtibu akitarajia atakufa. Hakufa. Ila jeraha halikujifunga. Kingo za tumbo zilishikamana na ngozi ya ubavu, ikabaki tundu ambalo daktari angeweza kulifungua kwa kidole akaona ndani.

Tarehe 1 Agosti 1825, saa sita mchana, Beaumont alifunga vipande vya nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, mkate mkavu na kabichi kwenye uzi wa hariri, akavitumbukiza kupitia tundu lile. Saa saba alivuta uzi: kabichi na mkate vilikuwa vimelika karibu nusu, nyama haijaguswa. Akavirudisha, akangoja. Kwa namna hiyo alifanya majaribio zaidi ya 200, na mwaka 1833 akayachapisha katika kitabu. Jambo linalohusu makala haya alilieleza kwa maneno machache tu. Aliona kwamba St. Martin anapokasirika, anapoogopa au anapokuwa na homa, utando wa ndani wa tumbo hubadilika: mara huwa mwekundu na mkavu, mara hupauka, na maji ya tumbo hupungua au hukoma. Hii ndiyo mara ya kwanza kwa daktari kushuhudia hisia zikifanya kazi juu ya tumbo la mtu aliye hai, na ushahidi wenyewe ulikuwa na pande mbili tangu siku hiyo. Uwekundu na weupe wake vitarudi mara nyingi katika historia hii.

Haifai kumpita St. Martin bila kusema kwamba alilipwa kidogo, alihamishwa huku na huko, na alitoroka zaidi ya mara moja kurudi kwao Kanada. Alipofariki mwaka 1880, jamaa zake waliuacha mwili uharibike, kisha wakauzika futi 8 chini ya ardhi ili madaktari wasije kulichukua tumbo lake. Sayansi ya tumbo inamwia deni ambalo haikuwahi kulilipa.

Nusu ya pili ya karne ya 19 ilikuwa enzi ya neva. Mjini St. Petersburg, Ivan Pavlov na mwenzake Ekaterina Shumova-Simonovskaya waliwapasua mbwa kooni ili chakula wanachokimeza kidondoke nje kisifike tumboni. Mbwa alikula kwa hamu bila kushiba, na tumbo, ingawa tupu, lilimwaga maji mengi yenye asidi. Wakakata neva za vagasi, zile zinazoshuka kutoka kwenye ubongo, na mtiririko ukakoma. Majaribio hayo ya mwaka 1889 yalithibitisha kwamba kuna neva inayoamuru asidi itoke, na mwaka 1904 Pavlov alipewa Tuzo ya Nobel. Kama kulikuwa na neva ya kuamuru, je, kulikuwa na nyingine ya kuzuia? Macho yalielekezwa kwenye neva za simpathetiki, zile zinazoamka mtu anapokabiliwa na hatari. Kujibu swali hilo kulihitaji kitu kinachoiga kazi yake, nacho kilikuwa njiani kuja kutoka mahali pengine kabisa.

Mwaka 1894 George Oliver na Edward Schäfer, jijini London, walimdunga mnyama maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tezi ndogo zinazokaa juu ya figo, wakaona shinikizo la damu likipanda kwa ghafla. Mwaka 1901 mkemia Mjapani Jokichi Takamine, akifanya kazi Marekani, alitangaza kwamba amekitenga kiini cha nguvu hiyo kikiwa safi, akakiita adrenalini. Mjerumani Friedrich Stolz alikiunda maabara mwaka 1904, na mwaka huo huo kijana wa Cambridge, Thomas Elliott, akadokeza kwamba huenda neva za simpathetiki hufanya kazi yao kwa kuachia adrenalini kwenye ncha zake. Kufikia mwaka 1910 George Barger na Henry Dale walikuwa wameshaandika juu ya kundi zima la kemikali zinazoiga neva hizo. Jamii ya dawa ilikuwa imezaliwa. Ndani yake mngeingia baadaye dawa za pumu, za mafua, za presha na za moyo.

Dale alikuwa ameona jambo lingine mwaka 1906, ambalo umuhimu wake ulilala kwa zaidi ya miaka 40. Alimpa paka dawa iliyotokana na ukungu wa nafaka uitwao ergoti, kisha adrenalini. Shinikizo la damu, badala ya kupanda kama kawaida, lilishuka. Ergoti ilikuwa imezuia sehemu moja ya kazi ya adrenalini na kuiacha sehemu nyingine huru.

Wakati huo huo hisia ziliingizwa rasmi maabara. Mwaka 1905 Bickel na Sasaki, wakiwa Ujerumani, waliripoti juu ya mbwa mwenye tundu kooni na tumboni. Alipolishwa akiwa ametulia kwa dakika tano, tumbo lake lilitoa sentimita za ujazo 66.7 za maji safi ya tumbo ndani ya dakika 20. Siku nyingine paka aliletwa mbele yake; mbwa akapandwa na ghadhabu. Paka aliondolewa upesi, mbwa akabembelezwa hadi akatulia, akalishwa vile vile kwa dakika tano, naye akala kwa uroho. Safari hii dakika 20 zilitoa sentimita 9 tu, tena zilizojaa ute. Walter Cannon wa Harvard, ambaye tangu mwaka 1898 alikuwa ameripoti kwamba mawimbi ya tumbo la paka husimama anapofadhaika, aliyachukua matokeo hayo na kuyafungamanisha na adrenalini. Katika kitabu chake cha mwaka 1915 alieleza kwamba mwili unaojiandaa kupigana au kukimbia huhamisha damu kutoka tumboni kuipeleka kwenye misuli, na mmeng'enyo husitishwa. Hoja yake imesimama hadi leo katika sehemu zake kuu.

Basi jibu lingeweza kupatikana mapema kwa kumdunga mtu adrenalini na kupima asidi. Lilijaribiwa, na majibu yakagongana. Dozi ndogo ilitoa hili, dozi kubwa ikatoa lile. Sindano ya chini ya ngozi haikufanana na ya mshipani. Mbwa hakufanana na paka wala na binadamu. Kikwazo kikubwa kilikuwa kwamba adrenalini hubana mishipa ya damu, na tezi iliyonyimwa damu hupunguza kazi bila kuambiwa na yeyote. Nani angejua kama dawa imeikataza tezi au imeinyima damu? Aidha, vichochezi vyenyewe vya asidi vilikuwa bado vinatambuliwa kimoja kimoja: John Edkins alitangaza gastrini mwaka 1905 na kwa miaka mingi hakuaminiwa, na Leon Popielski aliona mwaka 1916 kwamba histamini huchochea asidi nyingi ajabu.

Miaka ya katikati ya karne ya 20 ilikuwa ya kisu. Tangu mwaka 1910 Schwarz wa Zagreb alipotangaza kwamba pasipo asidi hapana kidonda, madaktari wa upasuaji walikata vipande vikubwa vya tumbo ili kupunguza tezi za asidi. Mwaka 1943 Lester Dragstedt wa Chicago alianza kukata neva za vagasi badala ya tumbo lenyewe, akifuata njia ya Pavlov moja kwa moja. Vita Kuu ya Pili nayo ilikuwa imetoa ushahidi wa kutisha: wakati London ikipigwa mabomu usiku baada ya usiku, hospitali zilipokea wagonjwa wengi zaidi waliotobolewa matumbo na vidonda. Imani kwamba vidonda huletwa na mawazo ilipata nguvu ambayo haijaisha.

Katikati ya miaka hiyo anatokea mtu wa pili aliyelitoa tumbo lake kwa sayansi. Vitabu vinamwita Tom. Akiwa mtoto wa miaka tisa, mwaka 1895, alimeza supu ya moto iliyoliunguza koo lake likaziba kabisa, na tangu hapo alikula kwa kutafuna chakula na kukitia tumboni kupitia tundu alilotobolewa. Stewart Wolf na Harold Wolff walimpa kazi katika maabara yao jijini New York na kumchunguza kwa miezi mingi. Siku moja, tumbo lake likiwa wazi mbele yao, daktari aliingia akitafuta karatasi zilizopotea, akifungua na kubamiza madroo kwa hasira. Karatasi zilikuwa chini ya uangalizi wa Tom, naye akashikwa na hofu. Utando wa tumbo ukapauka, ukabaki mweupe hadi karatasi zilipopatikana na daktari akaondoka. Siku nyingine msimamizi mmoja alimshutumu kwa uzembe na kumnyima kazi aliyokuwa akiifanya. Tom alinyamaza, lakini uso wake uliwaka, na tumbo nalo likawa jekundu, likavimba damu, asidi ikaongezeka.

Kitabu chao cha mwaka 1943 kilikuja na maelezo ya weupe na wekundu wa Beaumont. Hofu inayoamsha simpathetiki hupausha tumbo na kukausha asidi. Kinyongo kinachomezwa hufuata njia nyingine, na asidi hupanda. Kwa maoni yangu, sehemu hii ya pili ndiyo iliyobebwa na umma, na adrenalini ikatwishwa lawama isiyo yake. Kuanzia hapo neno la hospitalini na neno la barabarani yalikwenda njia mbili.

Baada ya vita kemia ya neva ilipata mpangilio. Mwaka 1946 Ulf von Euler wa Sweden alionyesha kwamba neva za simpathetiki huachia noradrenalini, ndugu wa karibu wa adrenalini. Mwaka 1948 Raymond Ahlquist, katika mji wa Augusta jimbo la Georgia, alilinganisha dawa sita za jamii hii kwenye viungo mbalimbali, akakuta zinapangika kwa nguvu kwa namna mbili tofauti tu. Akahitimisha kwamba seli zina vipokezi vya aina mbili, akaviita alfa na beta. Jarida la kwanza alilopelekea makala yake liliikataa. Jingine likaichapisha, na kwa takriban miaka kumi haikusomwa na wengi. Lile fumbo la ergoti la mwaka 1906 lilikuwa limepata ufunguo: ergoti huziba alfa na kuiacha beta.

Kwa tumbo, hata hivyo, mwongo huo uliofuata ulileta mkanganyiko kwanza. Tolazolini, dawa iliyotumika kufungua mishipa kwa kuziba alfa, ilionekana kuongeza asidi, na ilikuwa rahisi kudhani kwamba ni kwa sababu kizuizi cha simpathetiki kimeondolewa. Baadaye ilibainika kwamba inachochea vipokezi vya histamini, mlango mwingine kabisa. Reserpini ilikuwa kesi nzito zaidi. Ilitengwa mwaka 1952 na wanakemia wa kampuni ya Ciba mjini Basel kutoka kwenye mzizi wa Rauvolfia, mmea ambao waganga wa India wameutumia kwa karne nyingi. Jamaa yake wa Afrika, Rauvolfia vomitoria, ulichimbwa Kongo na magome ya mizizi yake kusafirishwa kwenda viwandani. Reserpini humaliza akiba ya noradrenalini katika ncha za neva. Presha hushuka, lakini asidi ya tumbo hupanda, na wapo waliotokwa damu kwenye vidonda. Ndiyo maana karatasi za dawa hiyo ziliwaonya madaktari wasimpe ovyo mwenye historia ya vidonda. Mtu aliyepungukiwa noradrenalini aliongezewa asidi: kwa mara ya kwanza dalili iliyotoka kwa wagonjwa wengi, si kwa mtu mmoja mwenye tundu, ilielekeza kwamba mfumo wa simpathetiki kwa kawaida huishikilia asidi isizidi.

Hapa ndipo historia inapofika kwa Mskoti James Black, na inafaa kutulia. Miaka ya 1950 Black alifundisha fiziolojia katika chuo cha tiba ya mifugo mjini Glasgow, na pamoja na daktari wa upasuaji Adam Smith alichunguza jinsi serotonini inavyogusa asidi inayochochewa na histamini. Wakati huo huo alishughulishwa na moyo. Baba yake alikuwa amefariki kwa mshtuko wa moyo baada ya ajali ya gari, naye alijiuliza kwa nini madaktari wahangaike kuuongezea moyo hewa badala ya kuupunguzia kazi ambayo adrenalini inaulazimisha. Alisoma makala ya Ahlquist akaiona njia. Mwaka 1958 aliingia kampuni ya ICI, na kufikia katikati ya mwongo uliofuata propranololi ilikuwa mikononi mwa madaktari: dawa inayoziba vipokezi vya beta.

Kabla ya propranololi kuenea, Black alikuwa ameshaondoka. Mwaka 1964 alihamia Smith Kline & French, huko Welwyn, akiwa na wazo lililotoka moja kwa moja kwenye somo la adrenalini. Dawa za mzio zilizokuwapo zilizuia histamini isiwashe ngozi wala isibane mapafu, lakini hazikuizuia kuchochea asidi. Kwa wengine hilo lilikuwa kosa la kawaida la dawa. Kwa Black lilikuwa ergoti ya Dale imerudi: dawa inayozuia nusu ya kazi, ishara ya vipokezi viwili. Kama adrenalini ilikuwa na alfa na beta, histamini nayo ilikuwa na kipokezi cha pili kilichofichika, nacho ndicho cha tumbo.

Kazi ilichukua miaka minane. Wanakemia wa Welwyn walibadilisha umbo la histamini hatua kwa hatua, kama walivyobadilisha adrenalini wenzao waliopata propranololi, wakatengeneza takriban kemikali 700, nyingi zikiwa bure. Mwaka 1972 walichapisha burimamidi, dawa ya kwanza iliyozuia asidi ya histamini, nayo ilifanya hivyo kwa binadamu pia. Metiamidi iliyoifuata ilikuwa na nguvu zaidi, ila ilipunguza chembe nyeupe za damu kwa baadhi ya wagonjwa. Ya tatu, simetidini, iliruhusiwa Uingereza mwaka 1976 na Marekani mwaka 1977. Vidonda vilivyokuwa vikimpeleka mtu kwenye kisu vikaanza kupona kwa vidonge. Black alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, na dawa zake mbili zilikuwa miongoni mwa zilizoandikiwa watu wengi zaidi duniani. Zilikutana hata mwilini: simetidini huchelewesha ini kuiondoa propranololi, na mgonjwa anayezitumia zote mbili huweza kupungukiwa mapigo ya moyo kupita kiasi.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 ndipo swali la awali lilipopata majibu safi kwa binadamu, kwa sababu zana zilikuwa zimekamilika. Roderic Gregory na Hilda Tracy wa Liverpool walikuwa wameisafisha gastrini mwaka 1964, na pentagastrini, kipande chake kilichoundwa maabara, kiliwapa watafiti kichochezi kinachodhibitika. Mtu aliyejitolea alifunga tangu usiku. Mrija mwembamba ulipitishwa puani hadi tumboni, akadungwa pentagastrini mikrogramu 6 kwa kila kilo ya uzito, na kila robo saa maji ya tumbo yakavutwa, yakapimwa ujazo, kisha yakadondoshewa alkali mpaka ukali uishe ili asidi ihesabiwe. Kila robo saa, na mtu amekaa kimya na mate yakitemwa kwenye bakuli yasije yakaharibu hesabu.

Mtu alipowekewa dripu ya adrenalini au ya isoprenalini, dawa ya jamii hiyo hiyo, katika hali hiyo, asidi iliyochochewa ilipungua. Majaribio ya mbwa yalionyesha kwamba beta ndiyo inayohusika, na kwamba upungufu haukutokana na ukosefu wa damu pekee, kwani isoprenalini hufungua mishipa badala ya kuibana. Hoja ya zamani ya tezi iliyonyimwa damu ikawekwa mahali pake. Lakini mwaka 1973 Stadil na Rehfeld wa Copenhagen waliripoti jambo la kushangaza: adrenalini humfanya binadamu aachie gastrini zaidi katika damu, na gastrini ni kichochezi cha asidi. Amri mbili zinazopingana zinatolewa kwa wakati mmoja. Fumbo lilipata mwanga kutokana na homoni iliyogunduliwa mwaka huo huo, somatostatini, ambayo baadaye ilionekana kukaa katika seli ndogo pembeni mwa tezi za asidi. Beta ikichochewa, seli hizo huachia somatostatini, nayo huzima tezi jirani kabla ya gastrini kuziwasha. Kwa upande wa alfa, watafiti walikuta kwamba klonidini na dawa zinazofanana nayo huzinyamazisha ncha za vagasi katika wanyama, hivyo amri ya Pavlov haifiki kikamilifu.

Kilichoonekana wazi ni kwamba breki ipo, ila ni dhaifu. Hakuna aliyeweza kuitumia kama tiba, kwa kuwa dozi ya kupunguza asidi ingeufanya moyo kwenda mbio kwanza. Watu wanaomeza vizuia beta kwa presha, nao ni mamilioni, hawakuonekana kufurika asidi. Wenye pumu wanaovuta salbutamoli, iliyoanza kuuzwa mwaka 1969, hupata kiungulia wakati mwingine kwa sababu dawa za beta hulegeza msuli unaofunga mlango wa juu wa tumbo. Asidi ni ile ile, mlango ndio umeachwa wazi.

Kisha miaka ya 1980 ikabadilisha uwanja mzima. Huko Sweden, kampuni ya Hässle, iliyokuwa imejipatia jina kwa vizuia beta, alprenololi kisha metoprololi, iliziba pampu yenyewe inayosukuma asidi nje ya seli. Omeprazoli iliingia sokoni mwaka 1988. Mjini Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walikuwa wameshaonyesha bakteria anayekaa tumboni, Helicobacter pylori. Marshall alimnywa mwaka 1984 akaugua, na mwaka 2005 wote wawili walipewa Nobel. Vidonda vingi vilikuwa maambukizi. Kwa Afrika Mashariki habari hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Mwaka 1975 Frank Tovey na mwenzake Tunstall walikuwa wamechora ramani ya vidonda vya tumbo kusini mwa Sahara, wakakuta vimejaa katika nyanda zinazogawanya maji ya Nile na Kongo, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, kuliko maeneo mengine mengi. Wakulima wa milima hiyo hawakuwa na mawazo mengi kuliko watu wa miji. Kuwaambia wapunguze mawazo kulikuwa kuwanyima dawa, na bado kunawanyima pale ambapo kipimo cha bakteria hakifanywi.

Kuna dawa moja ya jamii ya adrenalini ambayo watu wetu hutumia bila kuandikiwa na daktari. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ilitenga kathinoni kutoka kwenye miraa, na ikajulikana kwamba huzifanya neva ziachie noradrenalini na dopamini. Mtafunaji wa Meru, Garissa au Zanzibar hupoteza hamu ya kula, moyo humwenda mbio, na chakula alichokula hukaa tumboni muda mrefu kuliko kawaida, kama Cannon alivyomwona paka wake aliyefadhaika.

Leo swali hili lina uzito zaidi katika wodi ya wagonjwa mahututi. Mgonjwa aliyeshuka presha kwa maambukizi ya damu huwekewa noradrenalini mshipani kwa saa au siku nyingi. Asidi yake haijaongezeka. Anachokosa ni damu ya kutosha katika utando wa tumbo, na utando usiopata damu hauwezi kujikinga hata na asidi ya kiwango cha kawaida. Hivyo hutokea vidonda vinavyovuja damu bila onyo. Mwaka 1994 Deborah Cook na wenzake wa Kanada walifuatilia wagonjwa mahututi 2,252 na kukuta asilimia 1.5 wametokwa damu ya hatari, hasa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia au waliokuwa na damu isiyoganda. Mwaka 2024 kikundi kilichoongozwa na yeye yeye kilichapisha jaribio la wagonjwa zaidi ya 4,800 walio kwenye mashine, nusu wakipewa pantoprazoli na nusu dawa bandia. Waliotokwa damu walikuwa asilimia 1.0 upande wa dawa na 3.5 upande wa pili. Vifo ndani ya siku 90 vilikaribiana sana, asilimia 29.1 na 30.9, na tofauti hiyo haikutosha kusema kwamba dawa imeokoa maisha.